Mtera na Kidatu: mita moja ya maji ni umeme kiasi gani, na kwa nini bwawa lilitangulia mitambo yake?

Mchota_Maji

Habari zenu wakuu.

Naomba wenye uelewa wa mto Ruaha Mkuu, ulio na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, wanisaidie, maana habari za mabwawa haya zimetawanyika na kila mtu anashika kipande chake.

Kwanza, mpangilio wa ujenzi. Mitambo ya Kidatu ilianza kufanya kazi 1975. Bwawa la Mtera lilikamilika 1980, lakini mitambo ya Mtera yenyewe ikaja 1988. Kwa nini waanze chini ya mto, wapande juu kujenga bwawa, halafu bwawa likae miaka 8 bila kuzalisha hata uniti moja?

Pili, kila ukame ukija tunatangaziwa "kina cha Mtera kimefika mita 69x juu ya usawa wa bahari". Namba hiyo inageuzwaje kuwa umeme? Mita moja ikipungua, gridi imepoteza nini hasa?

Tatu, lawama. Wengine wanasema wakulima wa mpunga wa Usangu, bonde la juu ya mto, ndio waliokausha Mtera, wengine wanasema ni uendeshaji. Kuna hesabu inayoweza kuamua?

Na mwenye kujua upande wa mashine atueleze kwa nini haifai kuendesha chini ya mita 690 wakati maji bado yanaonekana kwa macho.

---

Fundi_Handaki

Mkuu Mchota_Maji, nianze na la kwanza. Ukitazama mto wenyewe jibu linajitokeza.

Ruaha Mkuu unatoka Usangu, unapita hifadhi ya Ruaha, unafika Mtera mpakani mwa Iringa na Dodoma, kisha unashuka kama kilomita 170 hadi Kidatu chini ya milima ya Udzungwa. Nguvu ya umeme wa maji inatokana na vitu viwili, yaani wingi wa maji na kimo yanachoanguka. Kidatu ina kimo kizuri sana. Bwawa dogo la udongo na mawe, urefu wa kwenda juu kama mita 40, linayaelekeza maji yaingie kwenye handaki la karibu kilomita 10 ndani ya mwamba, na mwisho wa handaki hilo maji yanaanguka kama mita 175 hadi kwenye ukumbi wa mitambo ulio chini ya ardhi. Mtera, kwa upande wake, ina bonde pana na tambarare linaloweza kubeba maji mengi mno, lakini kimo chake ni kama mita 100 tu.

Kwa hiyo Kidatu ni mahali pa kuzalishia, Mtera ni ghala. Ukiwa na fedha za kujenga kimoja, unaanza na mahali pa kuzalishia.

Awamu ya kwanza, iliyojengwa kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia na Sweden, ilikuwa na mashine 2 za megawati 51 kila moja. Ili kuona ukubwa wake, jumlisha mitambo ya maji iliyokuwapo Bonde la Pangani wakati huo: Maporomoko ya Pangani ya mwaka 1936 megawati 17.5, Hale ya 1964 megawati 21, Nyumba ya Mungu ya 1968 megawati 8. Jumla ni 46.5. Kidatu ilipowashwa 1975 iliingia na megawati 102, na njia ya msongo wa kilovoti 220 ikavutwa kupitia Morogoro hadi Dar es Salaam. Mashine mbili zile ziliweza kuishi kwa maji ya mto pamoja na akiba ya bwawa la Kidatu lenyewe.

Tatizo lilikuwa awamu ya pili. Ukumbi ulichimbwa uweze kuchukua mashine 4, jumla megawati 204. Lakini mashine 4 zikikimbia kwa nguvu zote zinakunywa kama mita za ujazo 130 kwa sekunde, na Ruaha Mkuu wa Septemba na Oktoba haujawahi kutoa kiasi hicho. Bwawa la Kidatu linahifadhi mita za ujazo milioni 125 tu zinazotumika. Gawanya: mita 130 kwa sekunde ni kama milioni 11.2 kwa siku. Akiba yote inakwisha kwa siku 11.

Kwa maneno mengine, kununua mashine ya tatu na ya nne bila ghala kungekuwa kupamba ukumbi. Ndiyo maana bwawa la Mtera lilijengwa kama sehemu ya awamu ya pili ya Kidatu, likakamilika 1980 sambamba na mashine hizo mbili. Ukuta wake ni wa zege wenye nguzo za kuegemea, kimo kama mita 45, na barabara ya Iringa kwenda Dodoma inapita juu yake. Kwa hiyo ile miaka 8 unayosema "bila kuzalisha" bwawa halikukaa bure. Kila tone lililofunguliwa Mtera lilizalisha Kidatu. Kilichopotea ni zile mita 100 za pale pale Mtera, na 1988 ndipo mashine 2 za megawati 40 zilipowekwa, nazo chini ya ardhi, kuokota umeme huo. Kipindi hicho hicho ndipo njia ya kilovoti 220 ilipovutwa kutoka Iringa kupita Mtera kwenda Dodoma na kuendelea hadi Mwanza, kwa hiyo umeme ulikuwa na pa kwenda.

---

Msoma_Kina

Niongezee hapo kwa upande wa namba, maana swali la pili ndilo linalopotoshwa kuliko yote.

Alama tatu za Mtera za kushika kichwani: 698.50 bwawa limejaa, 690.00 ni kima cha chini cha uendeshaji, na tofauti ya mita 8.5 kati yao ina maji kama milioni 3,200 za mita za ujazo. Kwa Kidatu ni 450 limejaa na 433 kima cha chini.

Sasa kugeuza maji kuwa uniti. Chukua kimo kwa mita, zidisha kwa 9.81, zidisha kwa ufanisi wa mashine (0.9 inatosha kwa makadirio), kisha gawanya kwa 3,600. Unapata uniti kwa kila mita moja ya ujazo.

Mtera: 100 × 9.81 × 0.9 ÷ 3,600 = 0.245.
Kidatu: 175 × 9.81 × 0.9 ÷ 3,600 = 0.429.

Kwa kuwa maji ni yale yale yanatumika mara mbili, mita moja ya ujazo iliyohifadhiwa Mtera ina thamani ya uniti 0.67. Bwawa likijaa, lina uniti kama bilioni 2.1 zilizolala mle ndani. Hakuna betri wala tangi la mafuta hapa nchini lililokuwa na uwezo wa kukaribia hiyo kwa miaka mingi.

Sasa sentimita. Likijaa, Mtera ina eneo la kama kilomita za mraba 600. Sentimita 1 juu ya eneo hilo ni mita za ujazo milioni 6, yaani uniti kama milioni 4. Kaya inayotumia uniti 75 kwa mwezi, hiyo sentimita moja inahudumia kaya kama hizo zaidi ya elfu hamsini kwa mwezi mzima. Kwa hiyo mtu anayesoma kipimo cha maji pale ukutani akikosea sentimita 2 kwa sababu ya mawimbi, amekosea uniti milioni 8. Ndiyo sababu kipimo kinawekwa kwenye kisima kilichounganishwa na bwawa kwa bomba jembamba, ili upepo usicheze na namba, na kusomwa saa ile ile kila siku.

Lakini, na hapa ndipo magazeti yanapoteleza, mita haifanani na mita. Mtera ni sahani, si ndoo. Juu ni pana, chini ni nyembamba. Wastani wa mita zote 8.5 ni milioni 376 kwa mita, wakati mita ya juu kabisa ina karibu milioni 600. Maana yake mita ya mwisho kabla ya kugusa 690 haina hata milioni 200. Bwawa likishuka kutoka 698 hadi 697 umepoteza uniti kama milioni 390. Likishuka kutoka 691 hadi 690 umepoteza kama milioni 120. Ukisikia "zimebaki mita 2", usifikiri imebaki robo ya akiba. Imebaki kama moja ya kumi.

Na kwa sababu hiyo hiyo, kasi ya kushuka inaongezeka kadiri unavyokwenda chini hata kama unatoa maji yale yale kila siku. Watu huona kina kinaporomoka Oktoba na kudhani kuna mtu kafungua lango. Hapana, ni umbo la bonde.

---

Mchota_Maji

Asante sana wakuu, hili la sahani sikuwahi kulifikiria.

Swali dogo: kwenye hesabu hizo mvuke mmeuweka wapi? Mtera ni nchi kavu, jua la Dodoma.

---

Msoma_Kina

Mvuke ni mtumiaji mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukanda ule unaweza kupoteza kama mita 2 za maji kwa mwaka kwa jua na upepo. Chukua siku ya kiangazi ya milimita 6. Kwa eneo la kilomita za mraba 600, hizo ni mita za ujazo milioni 3.6 kwa siku, sawa na mita za ujazo 42 kwa sekunde. Linganisha na mashine moja ya Mtera ikiwa na mzigo wote, inatumia kama mita 45 kwa sekunde. Yaani jua linaendesha mashine yake ya tatu pale, usiku na mchana, na haitoi umeme.

Inakufundisha kitu kuhusu uendeshaji. Bwawa likijaa Mei, si busara kulikalia tu "kwa usalama" mwaka ambao dalili za mvua zinazofuata ni nzuri, maana eneo pana ndilo linalokausha. Wakati huo huo ukilishusha haraka, mvua zikigoma umekwama. Hapo katikati ndipo kazi yenyewe ilipo, na hakuna fomula inayoikwepa.

---

Mwana_Usangu

Nimesoma kwa makini. Naomba kuingia kwenye swali la tatu, kwa sababu Usangu imebebeshwa mengi.

Maji yanayoingia Mtera yanatoka mito mitatu mikubwa. Ruaha Mkuu wenyewe, unaopita Usangu na ardhioevu ya Ihefu na kutokea kwenye kizingiti cha mwamba cha Ng'iriama, unaleta zaidi ya nusu. Kisigo unaleta kama robo. Ruaha Mdogo, unaopita Iringa mjini, unaleta kilichobaki. Mkulima wa Mbarali, kule Usangu, hagusi Kisigo wala Ruaha Mdogo. Kwa hiyo tangu mwanzo, mtu anayesema "Usangu imekausha Mtera" anazungumzia sehemu ya maji, si yote.

Pili, majira. Mvua za kule ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mtera hujazwa na mafuriko ya miezi hiyo. Kiangazi, hata zamani, Ruaha Mkuu ulikuwa ukileta maji kidogo tu.

Ni kweli kabisa kwamba tangu 1993 mto umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Sababu zake zinajulikana. Kilimo cha umwagiliaji kilipanuka, yakiwemo mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga pamoja na mifereji mingi ya wakulima wadogo, hadi kufikia hekta zipatazo 40,000 mwaka wenye mvua nzuri. Mingi ya mifereji ya asili haina mageti ya kufunga. Baada ya mavuno mwezi Juni mfereji unaendelea kuchota, maji yanatandaa kwenye mashamba matupu na kukaushwa na jua. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kile kizingiti cha Ng'iriama, hakuna tone linalovuka hata kama ndani ya ardhioevu bado kuna maji. Viboko wamekufa, samaki wamekufa, na hilo linauma na linahitaji kurekebishwa. Lakini ni tatizo la hifadhi na la vijiji vya chini ya Ihefu. Ukipiga hesabu ya maji ya kiangazi yaliyopotea na kuyaweka kwenye bwawa la milioni 3,200, hayaelezi kwa nini liliisha.

Mwaka 2006 wafugaji na mifugo waliondolewa Ihefu, na 2008 eneo hilo likaingizwa ndani ya hifadhi. Mto haukuacha kukauka kiangazi baada ya hapo.

---

Fundi_Handaki

Mwana_Usangu, nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa, ila nisiache upande mmoja. Umwagiliaji wa wakati wa mvua nao unachota, tena unachota zaidi. Mpunga unaopandwa Desemba unajazwa maji wakati ule ule Mtera inapotakiwa kujaa. Mwaka wa mvua nyingi hilo halionekani. Mwaka wa mvua haba, kila shamba la juu ni maji yasiyofika chini. Hilo lipo.

Lakini umegusa kitu ambacho watu wa umeme wanapaswa kukisema wazi. Watafiti waliorudia hesabu za maji ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, kabla ya mgao wa 1992 na wa 1994, waliona kuwa maji yaliyoingia hayaelezi peke yake kuporomoka kwa kina. Namna maji yalivyotolewa ilichangia sana.

Nieleze kosa lenyewe linavyotokea, maana ni la kiufundi na linaweza kurudiwa na yeyote.

Kati ya Mtera na Kidatu kuna mito inayoingia njiani, mkubwa ukiwa Lukosi, kisha Yovi, inayotoka kwenye milima yenye mvua nzuri. Wakati wa mvua, mito hii peke yake inaweza kulisha mashine kadhaa za Kidatu. Sasa tuseme ni Machi. Gridi inataka umeme, Mtera ina mashine 2 nzima, mwendeshaji anaziwasha zote kwa megawati 80. Maji ya Mtera, kama mita za ujazo 90 kwa sekunde, yanaanza safari ya kilomita 170. Kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde yanafika Kidatu baada ya siku mbili. Siku hiyo anakuta Lukosi umefurika. Bwawa la Kidatu, lenye nafasi ya siku 11 tu, linagonga 450 na maji yanaanza kupita kwenye utoro, yaani njia ya kumwagia maji ya ziada bila kupitia mashine.

Kila mita ya ujazo iliyopita pale imepoteza uniti 0.43, na imetoka kwenye akiba ambayo Oktoba ingezalisha uniti 0.67. Umepata 0.245 ya leo kwa kutupa 0.43. Siku 10 za namna hiyo, mita 40 tu kwa sekunde zikipita kwenye utoro, ni mita za ujazo milioni 34.6, uniti kama milioni 15 chini ya daraja.

Kanuni sahihi ni ngumu kwa macho lakini rahisi kwa hesabu: mvua zikinyesha, Mtera inyamaze au iende kwa mashine moja, Kidatu iishi kwa Lukosi na Yovi. Mvua zikikatika, Mtera ndiyo ifunguke. Na bwawa la Kidatu lisijazwe hadi ukingoni kabla ya mvua, liachiwe nafasi ya kupokea mafuriko ya siku mbili tatu ambazo maji ya Mtera yatakuwa bado njiani. Lakini lisishushwe sana pia, kwa sababu kutoka 450 hadi 433 unapoteza mita 17 za kimo, na nguvu ya mashine inashuka kwa kasi kuliko kimo chenyewe. Kwa makadirio, mashine ya 51 inabaki na kama 44.

Kinachofanya kanuni hii ivunjwe ni kwamba gridi haisubiri. Wakati mashine za gesi au mafuta zinapungua, jicho linakwenda kwenye bwawa lenye maji leo.

---

Mchota_Maji

Sasa nimeelewa kwa nini "bwawa limejaa lakini bado tuna mgao mwaka unaofuata" linawezekana. Bado lile la mita 690. Nasikia 2006 walishuka hata chini ya hapo.

---

Fundi_Handaki

Ni kweli, 2006 maji yalishuka chini ya 690 na nchi ikaingia kwenye mgao mkali. Maji yapo chini ya alama ile, mamia ya milioni za mita za ujazo. Alama haikuwekwa kwa kubahatisha, ina sababu zake.

Mdomo wa kuingizia maji upo kwenye kina fulani. Maji yakipungua juu yake, yanaanza kuzunguka kama unavyoona kwenye sinki likiisha maji, na mzunguko huo unavuta hewa. Hewa ikiingia kwenye njia ya maji yenye shinikizo, inafika kwenye turbini, gurudumu linalozungushwa na maji, kwa mafungu. Mashine inanguruma, nguvu inapanda na kushuka, beringi za shafti zinapata mtikisiko usio wa kawaida. Ukiweka mkono kwenye ngazi ya chuma karibu na turbini unausikia kabla hata kipimo hakijakuonyesha.

Pili ni tope. Mchanga mzuri uliotulia chini ya bwawa kwa miongo unaanza kuvutwa. Vilango vya kuongozea maji na pete za kuzuia mvujo vinasagwa kama kwa msasa. Nafasi ikishapanuka, maji yanapita pembeni bila kuzungusha kitu, na hata ukifunga vilango mashine haisimami vizuri, inajivuta.

Tatu ni kimo. Mita 8 pungufu kwenye 100, nguvu inashuka kwa kama 12 kwa mia, mashine ya 40 inatoa 35. Na turbini za aina ya Francis, kama hizi, zikikimbizwa mbali na kimo na mzigo zilizosanifiwa, chini ya turbini panatokea mkondo unaojisokota na viputo vya mvuke vinavyopasuka kwenye chuma. Baada ya msimu mmoja wa hivyo, ukifungua unakuta majani ya turbini yana vishimo kama chuma kilicholiwa na mchwa. Vinachomelewa kwa chuma cha pua, vinasagwa kurudi kwenye umbo, na umbo likikosewa milimita chache ufanisi haurudi.

Jambo lingine ambalo halisemwi sana ni nondo za kuchujia takataka mbele ya mdomo wa maji. Mafuriko ya kwanza ya Desemba yanaleta magogo, majani, mabua. Unapima kina mbele ya nondo na nyuma yake. Kila mita moja ya tofauti Kidatu ni kama megawati 1.2 iliyopotea mashine zote zikikimbia. Usafi wa nondo ni umeme wa bure kuliko wote.

Na mtu asifikiri mashine inaweza kuzimwa kwa kidole. Handaki la karibu kilomita 10 limejaa maji yanayotembea. Ukifunga vilango kwa ghafla, uzito huo wote unataka kuendelea mbele na shinikizo linapanda kwa kishindo. Ndiyo maana kuna shimo la wima la kupokea maji yanayorudi nyuma, na vilango vinafungwa kwa mwendo uliopimwa kwa sekunde. Kuzima kwa kawaida ni hivi: unashusha mzigo polepole, unaitoa mashine kwenye gridi ikiwa karibu na sifuri, unafunga vilango, unaiacha ipungue kasi yenyewe, na breki zinawekwa mwishoni tu kasi ikishashuka sana. Ukiweka breki mapema unaunguza vitambaa vya breki na kujaza moshi wa vumbi kwenye jenereta.

---

Msoma_Kina

Naongeza moja linalobadilisha hesabu zote za juu.

Ruaha Mkuu baada ya Kidatu unateremka bondeni na kuingia Rufiji juu ya korongo la Stiegler, lilipo bwawa la Julius Nyerere. Bwawa lile lilianza kujazwa Desemba 2022, mashine ya kwanza ikaingia gridi Februari 2024, na kwa ukamilifu wake ni mashine 9 za megawati 235, jumla 2,115. Kwa hiyo maji ya Mtera sasa yanatumika mara tatu, na maji yaliyotoroka Kidatu hayajapotea tena moja kwa moja, yanasubiriwa chini.

Tusizidishe lakini. Ruaha Mkuu unachangia kama 15 kwa mia tu ya maji ya Rufiji, Kilombero ndio mama. Mtera haiendeshi Rufiji. Faida kubwa ni nyingine: megawati 284 za Mtera na Kidatu zilikuwa zikibebeshwa mzigo wa msingi kila siku bila kupumzika. Rufiji ikibeba mzigo huo, Mtera inaweza kurudia kazi yake ya ghala, inyamaze Februari na Machi ijaze, iamke Septemba. Kanuni aliyoandika Fundi_Handaki sasa inatekelezeka bila kuzima mtu.

---

Mwana_Usangu

Na upande wa juu nao usisahauliwe. Geti moja la chuma kwenye mfereji, lenye kipimo cha maji ubavuni na ratiba ya kufunga baada ya Juni, lina gharama ndogo sana ukilinganisha na mashine ya dharura ya mafuta. Likifungwa, maji ya kunywa ya kijiji yaachiwe kwa bomba, maana sababu kubwa ya mifereji kuachwa wazi kiangazi ni kwamba watu na mifugo wanakunywa humo. Ukiwaambia wafunge bila kuwapa bomba, watafungua usiku, na wana haki.

---

Mchota_Maji

Nashukuru sana wakuu. La mwisho: mtu wa kawaida akisikia taarifa ya kina cha Mtera redioni, aulize nini ili ajue hali ilivyo?

---

Msoma_Kina

Aulize tarehe kwanza. 694 ya mwisho wa Mei ni hali mbaya kidogo, 694 ya mwisho wa Novemba ni hali nzuri sana. Kisha aulize kina cha Kidatu siku hiyo hiyo, na kama utoro wake unapitisha maji wakati mashine za Mtera zinakimbia. Ikiwa jibu ni ndiyo, basi maji yanamwagwa, hata kama Mtera inaonekana nzuri. Halafu kina cha mwaka jana tarehe ile ile. Kwa namba hizo nne atakuwa anajua zaidi ya taarifa yenyewe.